Dakika Kumi na Nane Bila Neno

Maman Tereza tulimzika Bugarama mwezi uliopita, siku ya jua kali, na baada ya mazishi tukakaa uani kwake kula wali wa mashamba yaleyale aliyoyalima maisha yake yote. Nilikaa mkekani pamoja na wanawake wa jirani ambao hawakunijua. Mmoja wao, akichambua samaki kwa vidole, alisema kitu kilichonifanya nishushe sahani yangu. "Myaka yote hii niko jirani yake, hakuwekaka redio mu nyumba. Hata ile ya mu simu, ikiimba, anatoka inje." Mwenzake akamwuliza kwa nini. "Sijue. Banasemaka ni mambo ya zamani." Wakaendelea kula. Alfonsina, binti mkubwa wa marehemu, ambaye siku hizi ni muuguzi na ndiye aliyenipigia simu kunipa habari ya kifo, alikuwa akipita na jagi la maji ya kunawa. Aliyasikia maneno yale. Alinimwagia maji mikononi polepole, akanitazama, akaenda kwa mtu mwingine. Pale mkekani, waliojua habari nzima tulikuwa sisi wawili, na mimi ndiye niliyeisababisha. Jioni, kabla sijapanda gari, nilimwuliza kama ningeweza kuiandika. Akasema, "Andika. Lakini uandike na ile aliyosema pale studio, yote."

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, fundi wa mitambo katika redio ndogo ya Kamembe, Rwanda, ambayo haipo tena. Ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi na misumari. Chumba cha kurushia matangazo tulikuwa tumekizungushia vipande vya magodoro, na juu ya magodoro trei za mayai, ili kelele za barabara zisiingie. Kwa hiyo muda wote chumbani mlikuwa na joto, na harufu ya rangi ilipanda kutoka dukani ikakaa humo. Kati ya chumba hicho na korido palikuwa na dirisha la kioo, na upande wa pili dirisha dogo la kutazamia barabara. Mtangazaji alikaa mbele ya mikro, kipaza sauti chetu, nami nilikaa pembeni kwenye meza ya sauti, nikipandisha na kushusha. Mkurugenzi wetu, Mzee Gerevazi, aliyekuwa mwalimu huko Uvira kabla ya kurudi nchini, alikuwa na sheria chache, na mojawapo ilinihusu mimi: fundi haongei hewani. Alinieleza sababu siku ya kwanza, bila kunificha. "Filomena, Kinyarwanda yako iko na Bukavu mingi. Bantu batacheka, na mi sitaki bakucheke." Sikuumia. Nilikulia Bukavu, ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, na nilikuwa sijamaliza hata miaka miwili tangu nivuke. Mambo mengi ya upande huu nilikuwa siyajui, na mengine sikujua kwamba siyajui.

Katika korido palikuwa na sanduku la diski lililoachwa na padri mmoja Mzungu alipohama. Hakuna aliyeligusa ila mimi. Mchana wenzangu wakishuka kwenda kula, nilibaki na bugali yangu na sombe, majani ya muhogo, katika bakuli, nikivaa kaske masikioni na kujaribu diski moja baada ya nyingine. Moja ilinishika. Jalada lake lilikuwa na picha ya msitu na mto, na maandishi ya Kijerumani. Muziki ulianza chini kabisa, kwa zile fidla kubwa zinazoshikwa kati ya magoti, halafu likaja baragumu moja kutoka mbali, kama mtu anayeita akiwa bonde la pili. Kisha mambo yakaanza kukusanyika, fidla ndogo, shaba, ngoma, okestra nzima ikapanda kwa kishindo, ikaanguka, ikapanda tena mpaka nikahisi meno yangu yanatetemeka. Halafu kimya. Na ndani ya kimya kile, filimbi moja ya sauti ya puani, peke yake, ikitafuta njia. Nilimwuliza Mzee Gerevazi ni muziki wa namna gani. Akaligeuza jalada huku na huku, akasema unaitwa shairi la simfoni. Watunzi wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa walipenda kuchukua hadithi au shairi au mahali, wakaiachia okestra isimulie yote bila mwimbaji. "Na hii inasimulia nini?" nikamwuliza. "Hiyo njo sijue. Kijerumani sikusomaka." Basi nikajitungia hadithi yangu mwenyewe, ya mtu anayevuka maji huku akiitwa na watu wa ng'ambo. Nililia mara mbili, kijiko kikiwa mkononi, na nikatamani sana mtu mwingine, hata mmoja tu, ausikie muziki ule.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nane za mchana. Wiki iliyotangulia daraja la mpakani la Rusizi ya Pili lilikuwa limefungwa siku mbili bila maelezo, na Bukavu zilisikika risasi. Kila aliyevuka alikuja na habari yake, na hakuna habari iliyofanana na nyingine. Kamembe watu walifanya kazi zao, ila walizungumza kwa sauti za chini na hawakukaa sana vibarazani. Saa nane tulipaswa kuwa na bwana shamba wa kuzungumzia ugonjwa wa mpunga. Hakufika. Mtangazaji wetu alishuka kumtafuta stendi, akaniacha na kanda ya matangazo, na kabati la kanda za muziki akalifunga kama kawaida yake, ufunguo mfukoni. Kanda ya matangazo ikaisha. Sasa redio ilikuwa kimya. Ninyi ambao hamjafanya kazi ile hamwezi kujua ukimya wa hewani unavyokaba. Niliuhesabu kwa mapigo ya moyo. Mikro ilikuwa mbele yangu. Ningeweza kuifungua na kusema neno moja. Nilifikiria sheria, nikafikiria Bukavu iliyomo kinywani mwangu, nikaogopa kuchekwa. Nikachukua ile diski kutoka juu ya kaske, nikaitia, nikapandisha sauti. Nakiri kwamba ndani ya hofu ile palikuwa pia na furaha. Nilisema moyoni: leo watausikia.

Dakika tano za kwanza nilifumba macho. Ngoma zilipoingia niliyafumbua, kwa sababu kitu fulani hakikuwa sawa. Simu yetu, ambayo kila tukipiga muziki ililia kwa salamu na maombi, haikulia hata mara moja. Nikasimama kwenye dirisha dogo. Chini, mwenye duka la rangi alikuwa anaingiza madebe yake ndani, mawili mawili, bila kuzungumza. Ng'ambo ya barabara mlango wa chuma ulishuka, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mwanamke mmoja alipita akikimbia, ameshika viatu mkononi. Hapakuwa na mayowe yoyote. Hilo ndilo lililonishangaza, barabara nzima ikijifunga kama watu waliokwisha kufanya mazoezi. Sikuihusisha na mimi. Nilidhani kuna jambo limetokea darajani, na nikafurahi, Mungu anisamehe, kwamba angalau redio haiko kimya. Muziki ulikuwa umefika kwenye ile filimbi ya peke yake Mzee Gerevazi alipoingia. Alikuwa amekimbia kutoka nyumbani, shati limemganda mwilini. Alishusha sauti yote kwa kiganja kizima, akavuta mikro. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba muziki ulikuwa umekwenda dakika kumi na nane. "Ndugu wasikilizaji," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye kiu, "hakuna kitu. Ni muziki tu. Nasema tena, hakuna kitu." Baadaye watu waliniambia kwamba maneno hayo ndiyo yaliyowatisha zaidi.

Alipofunga mikro, akaketi. "Unajua umefanya nini?" Nikasema sijui. Akaniangalia, na nadhani aliona kwamba kweli sijui. Ndipo akanieleza, polepole, kama mwalimu. Watu wazima wa nchi hii wana asubuhi moja ya Aprili 1994 katika kumbukumbu zao. Asubuhi hiyo waliamka, wakafungua redio kusikiliza habari, na redio haikuwapa habari. Iliwapigia muziki wa namna hii, wa okestra, wa taratibu, saa nzima na zaidi, na waliposikia muziki ule walielewa kwamba kuna kifo kikubwa. Na yaliyofuata kila mtu anayajua. "Mi pia sikukuwa hapa," Mzee Gerevazi akasema. "Nilikuwa Uvira. Lakini niliambiwa, na nikaweka mu kichwa. Weye hakuna mwenye alikuambia. Ni kosa yangu pia." Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza.

Siku ya pili walikuja wanaume wawili wenye mashati meupe. Hawakusema wametoka ofisi gani na hatukuwauliza. Waliketi katika korido, mmoja akaniuliza nani alinituma nipige muziki ule, kwa nini siku ile, kwa nini baada ya daraja kufungwa, na kama nina ndugu Bukavu. Nikajibu. Akauliza tena maswali yaleyale, kwa mpangilio mwingine. Mwenzake alikuwa ameshika diski, akiigeuza kwenye mwanga kana kwamba angeona kitu ndani yake. Waliondoka nayo. Walituambia tungojee. Tulingojea majuma mawili bila kujua kama redio itafungwa, kila hatua ngazini ikitunyamazisha, mpaka diski ikarudishwa ndani ya bahasha isiyo na barua. Lakini jambo lililonivunja lilitokea siku ileile ya pili, alasiri. Alikuja mwanamke mmoja wa Kamembe, Maman Klodina, akiwa amemshika mkono msichana wa miaka kumi na miwili aliyevaa sare ya shule, miguu imejaa tope kavu. Alitaka tutoe tangazo la kutafuta mtu. Mtangazaji akaliandika, nikapandisha sauti yake, akasoma: anatafutwa Maman Tereza wa Bugarama, aliyetoka nyumbani kwake siku ya Jumanne na watoto wawili, Mariya wa miaka mitano na Yohana wa miaka miwili, baada ya kusikia muziki kwenye redio. Vidole vyangu vilikuwa juu ya mitambo. Msichana alikuwa amesimama korido, nyuma ya kioo, akiniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa upande wake.

Huyo ndiye Alfonsina. Siku ya Jumanne alirudi kutoka shuleni akakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Mpunga ambao mama yake alikuwa ameuanika ulikuwa bado juu ya mkeka, na mvua ilikuwa imeupiga. Alikaa mlangoni mpaka giza likaingia, jirani akamchukua, na asubuhi akampeleka Kamembe kwa Maman Klodina, dada ya baba yake. Baba hakuwepo tena tangu Yohana yuko tumboni. Siku ya nne tulipata habari kutoka kwa mwalimu aliyetoka Bweyeye: mama amefika huko kwa kaka yake, kando ya msitu, na watoto wawili. Ametembea siku mbili kwa njia za milimani, ameanguka kwenye mteremko, goti limevimba kama kichwa cha mtoto. Nilidhani habari hiyo itakuwa furaha. Nilikimbia mwenyewe kwa Maman Klodina kuipeleka. Alfonsina alikuwa anachambua maharagwe juu ya ungo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na bale bawili eko nabo?" Nikasema ndiyo, ni wazima. Akarudisha macho kwenye ungo. "Basi alichagua," akasema.

Mzee Gerevazi hakunifukuza. Alinipa daftari na kinasa sauti kidogo, akaniambia niende kwa wasikilizaji, nyumba kwa nyumba, nisiwaeleze kitu, nisijitetee, niwaulize tu walisikia nini. "Ulibasikilizisha," akasema. "Sasa wende ubasikilize." Ilikuwa miezi mitano. Nilikwenda darajani, wanawake wa nyanya wakaniambia jinsi waliokuwa upande wa Kongo walivyokimbilia huku na wa huku wakakimbilia kule, wakakutana katikati ya daraja, wakasimama wakitazamana, hakuna aliyejua nani yuko sahihi. Nilikwenda Bugarama kwenye kinu cha mchele, fundi akaniambia alizima mashine ili asikie vizuri, na watu wote waliokuwa kwenye foleni wakamwangalia, na alipoona nyuso zao akajua kwamba si yeye peke yake. Bibi mmoja wa Kamembe alinikaribisha ndani, akanipa sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, akanieleza kwamba aliposikia baragumu alifunga mlango, akawasha mkaa na kupika chakula chote kilichokuwa ndani ya nyumba, maharagwe, mihogo, unga wote, ili wajukuu wale wakati moto bado upo. Walikula kwa siku tatu. Alicheka akinieleza, kisha akaacha kucheka ghafla, akaniondolea sahani kabla sijamaliza. Wengine walinitukana. Mzee mmoja alinisikiliza nikijitambulisha, akafunga mlango taratibu sana, na nikasikia akiweka komeo.

Mtu mmoja tu alikuwa tofauti. Mzee Shabani alikuwa fundi cherehani, Mwislamu, chumba chake kilikuwa jirani na nyumba ya Maman Klodina, na alasiri nyingi nilimkuta Alfonsina kwake akishona vifungo, kwa sababu Bugarama alikataa kurudi. Mama yake alikuwa amesharudi nyumbani. Alikuja Kamembe mara mbili kumchukua, akitembelea fimbo, na mara zote msichana alijifungia chooni mpaka alipoondoka. Mzee Shabani aliniambia kwamba yeye pia aliogopa, ila mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani, na kwa kuwa mguu haukuacha, sikio nalo likaendelea. "Nilisikia gari kubwa inapanda milima, imebeba bantu, na bale bantu hawajui kama breki iko nzima," akasema. "Kisha gari ikasimama. Ile filimbi ikaanza. Na nyiye mukakata." Akainua macho. "Muliniacha mu gari, Filomena. Sikujua tulifika ao hatukufika." Alfonsina aliendelea kushona, lakini sindano yake ilikuwa imepunguza mwendo.

Maneno hayo nilimpelekea Mzee Gerevazi, na hapo likazaliwa wazo ambalo yeye mwenyewe aliliogopa: tuupige tena muziki ule, wote mpaka mwisho, tukiutangaza siku saba kabla, kila saa, tukieleza ni nini, na baadaye wasikilizaji waseme. Alikwenda kuomba ruhusa akarudi nayo bila kutueleza aliipataje. Mwalimu mmoja aliyesoma Ujerumani alitutafsiria jalada. Tulikuwa sote korido tukila, akasoma: mwana wa mfalme anakwenda kuwinda msituni, anapotea njia, anaogopa, wenzake wanampigia baragumu, anarudi kwenye karamu ya harusi yake. Tukatazamana. Katika daftari langu kulikuwa na majibu ya watu mia na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyesikia uwindaji, wala harusi.

Kwa Maman Tereza nilikuwa nimekwenda mara tatu bila kupata neno. Nyumba yake ilikuwa safi, chumba kimoja cha mbele chenye benchi na meza, na juu ya meza alama ya mviringo mahali pasipo na vumbi, ambapo redio ilikuwa inakaa. Alinikaribisha kila mara, akanipa chai. Mara ya kwanza nilimwomba msamaha, akasema, "Weye ni mutoto, haukujua," kwa sauti isiyo na joto wala baridi, akatazama mlango. Mara ya nne nilimweleza kwamba tutaupiga tena, tarehe fulani, saa fulani, ili siku hiyo akae mbali kama anataka. Niliponyanyuka akaniuliza, "Hapo ku studio, munasikiaka ile muziki mu kichumba, inakuya kwa nguvu?" Nikamwambia naweza kuishusha mpaka isisikike kabisa. "Basi nitakuya," akasema. "Bantu banasema nilichagua. Niko na jibu. Lakini nitaisema mara moja tu, bote basikie, nisiulizwe tena."

Siku ile ikafika. Mzee Gerevazi alikuja mapema, akaketi kwenye kiti changu cha mitambo, akanionyesha kile cha mtangazaji. "Leo ni weye," akasema. Nikamkumbusha Bukavu yangu. "Bacheke," akajibu. Nikafungua mikro, nikasema jina langu, nikasema kwamba mimi ndiye niliyepiga muziki siku ile, kwamba sikujua, kwamba kutojua kwangu kuliwagharimu, na kwamba sasa utapigwa tena, wote, na hakuna kifo chochote ndani yake. Kupitia dirisha dogo niliona watu wamesimama barabarani, na milango ya maduka iko wazi, ila kila mwenye duka amesimama karibu na mlango wake. Maman Tereza alikuwa mbele yangu, fimbo kati ya magoti, kaske hana, sauti tumeishusha. Mzee Shabani alichelewa. Alipotokea korido nyuma ya kioo, nilimwona ameshikana mkono na Alfonsina. Hatukuwa tumepatana hivyo. Maman Tereza alikuwa amewapa mgongo. Mzee Shabani aliniangalia, akaweka kidole mdomoni, akamketisha msichana chini ya spika ndogo ya korido iliyokuwa ikitoa yote yanayokwenda hewani. Ningeweza kumwambia mama kwamba binti yake yupo. Nilikuwa na dakika zaidi ya ishirini za kuamua, muziki wote, na sikumwambia. Nimefanya kazi ya redio miaka mingi tangu hapo, na bado sijui kama nilikuwa na haki.

Muziki uliisha. Mwisho wake, ambao mji haukuwahi kuusikia, ulikuwa wa polepole na wa mwanga, fidla zote pamoja. Mzee Gerevazi akanipa ishara. Nikamkaribisha Maman Tereza aseme alichosikia siku ile. Aliinamia mikro kupita kiasi, nikamrudisha kidogo, akaanza.

"Ile asubuhi ya zamani, nilikuwa na mutoto mumoja tu," akasema. "Alfonsina. Alikuwa na myaka tatu. Nikamufunga mu mugongo, nikatoka. Tulitembea siku mingi, sitasema yote. Nitasema tu kwamba ni mu mugongo yangu njo alibakia muzima. Sasa ile siku yenu, nilikuwa naanika mupunga. Nikasikia ile ya mwanzo, ile ya chini. Mikono ikaacha. Sikufikiri kitu, sikusema hii ni leo ao ni zamani. Nikachukua mutoto nikamufunga mu mugongo, nikashika mwengine mukono, nikatoka. Nilisikia mugongo iko nzito, nikasema, Alfonsina eko. Njia yote nilikuwa namuita ile jina. Alfonsina, usilie. Alfonsina, tunafika. Nilianguka, nikaanguka juu ya magoti, nisimuumize. Kule Bweyeye kaka yangu akafungua kitambaa, akashusha mutoto chini. Nikaona ni Yohana."

Akanyamaza. Mzee Gerevazi alikuwa ameweka mkono juu ya mitambo, na hakuugusa. "Nikauliza, Alfonsina eko wapi? Kaka yangu akasema, ulikuya na bawili tu. Nikasimama nirudi, goti ikakataa. Nikajaribu na mikono. Bakanikamata." Akaweka kiganja juu ya goti. "Njo hivyo. Sikuchagua. Mi nilijua ni yeye namubeba."

Simu ilianza kulia, na iliendelea kulia mpaka jioni, lakini hiyo ya kwanza hakuna aliyeipokea. Maman Tereza alishika fimbo yake, akasimama, akageuka, akaona kioo. Alfonsina alikuwa amesimama upande wa pili, mikono imeshuka, uso umelowa, mdomo umekazwa vilevile kama siku ya tangazo. Mama hakusogea. Nadhani alidhani atakimbia tena. Mzee Shabani akafungua mlango akajitoa njiani. Msichana akaingia, hakusalimia mtu. Akachukua kikapu cha mama yake kilichokuwa chini ya meza, akakiweka kichwani.

"Gari ya Bugarama inaondoka saa kumi," akasema.

Akatangulia kushuka ngazi. Niliwatazama kupitia dirisha dogo. Alfonsina alitembea haraka, shingo imenyooka chini ya kikapu, na mama, kwa goti lile, alibaki nyuma mbele ya duka la rangi, akijitahidi. Umbali ukaongezeka. Nilishika ukingo wa dirisha. Kwenye kona msichana alisimama. Hakugeuka kuangalia nyuma. Alisimama tu pale, watu wakimpita kushoto na kulia, mpaka mama yake akafika, kisha wakakata kona pamoja, polepole, kwa mwendo wa goti.